Nimetoka warsha ya vishikwambi na cheti. Jumatatu nifundishe nini?

SWALI

Hujambo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Gredi ya 4, katika shule ya umma nje kidogo ya mji wa Kisumu. Nimefundisha shule za msingi tangu enzi za 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, na kazi hii naipenda. Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tulipelekwa kwenye warsha ya kufundisha kusoma na kuandika kwa kutumia teknolojia. Mkufunzi alikuwa mchangamfu na mjuzi. Alituonyesha jinsi ya kutunga maswali ya mtandaoni, jinsi wanafunzi wanavyoweza kuandika insha moja kwa pamoja kwenye skrini, na jinsi ya kutengeneza video ya somo. Pale ukumbini kila mmoja wetu alikuwa na kishikwambi na mtandao haukukatika. Tukapewa vyeti, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi shuleni.

Darasani kwangu nina wanafunzi zaidi ya sitini. Vishikwambi vya shule vimefungiwa kabatini ofisini, na vinavyowaka havitoshi hata safu moja ya madawati. Mvua ikinyesha stima hupotea. Bando nanunua kwa pesa zangu.

Lakini kinachoninyima usingizi si vishikwambi, ni kusoma. Karibu thuluthi ya darasa langu bado wanakokota silabi. Mtoto akifika mwisho wa sentensi ameshasahau ilivyoanza. Wengine wanasoma mbio, lakini ukiwauliza hadithi inasema nini, wananyamaza. Wakiandika insha nakutana na "sule", "samba" na "siwa Victoria". Nikisahihisha leo kwa kalamu nyekundu, kesho ni yale yale.

Mwalimu mkuu sasa anataka kuona teknolojia katika kila andalio la somo la Kiswahili kwa sababu shule iligharamia warsha. Ameniambia atakuja kuketi darasani kwa ajili ya TPAD, ile tathmini ya utendaji wa walimu. Tuna pia mwalimu mwanagenzi, binti mdogo anayezijua hizi mashine vizuri sana. Ananiambia niache akili unde iniandikie maandalio yote. Ningependa kumwuliza mambo mengi, lakini ofisini tumejaa na naona haya kumwuliza mtoto wa rika la wanangu jinsi ya kutuma faili.

Miaka iliyobaki kabla nistaafu si mingi. Sitaki kuimaliza nikifanya maonyesho. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Gredi ya 4, Kisumu

JIBU

Mwalimu mwenzangu,

Umeandika mengi kuhusu vishikwambi, kisha ukasema kinachokunyima usingizi ni kusoma. Basi tushike hapo hapo. Anayeuliza "nitaingizaje teknolojia katika somo hili?" huishia kuandaa onyesho la siku ya ukaguzi. Anayeuliza "mbona mtoto huyu anakwama hapa?" atajua ni chombo gani anakihitaji, na siku nyingine atakuta kwamba ni chaki na ubao.

Sisemi haya kwa kuzichukia mashine. Swali lako lilishafanyiwa utafiti huko huko kwenu. Chini ya PRIMR, mradi wa majaribio wa kuboresha ufundishaji wa kusoma na hisabati, watafiti wakiongozwa na Benjamin Piper walizigawa shule za msingi za Kaunti ya Kisumu katika makundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Katika kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki. Katika la pili vishikwambi vilipewa walimu. Katika la tatu vilipewa maafisa wanaowatembelea walimu darasani, wale tuliokuwa tukiwaita wakufunzi wa TAC. Shule nyingine zikaendelea kama kawaida ili ziwe za kulinganishia. Watoto wa makundi yale matatu walisoma vizuri kuliko wale wa shule za kawaida, ila makundi yenyewe hayakupishana kwa kiasi cha maana. Kilichopishana sana ni gharama: kumnunulia kila mtoto kifaa ni ghali mno ukilinganisha na kumpa afisa mmoja anayehudumia shule nyingi.

Tusome, mpango wa taifa wa kufundisha kusoma, ilipoanza nchini kote mwaka 2015 ilifuata njia hiyo. Mtoto wa madarasa ya chini alipata kitabu chake mwenyewe, mwalimu akapata mwongozo, na kishikwambi kikaenda kwa afisa anayeketi nyuma ya darasa, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu kipindi kikiisha. Kwa hiyo kabati la vishikwambi vibovu lisikutie unyonge. Kifaa hufanya kazi kubwa zaidi kikiwa mikononi mwa mtu mzima anayejaribu kumwelewa mtoto. Cha kwako unacho tayari: simu yako ina sehemu ya kurekodi sauti, na kurekodi hakuli bando.

Anza hivi. Chagua watoto watano kati ya wale wanaokuhangaisha. Wakati wenzao wanafanya zoezi, mwite mmoja mezani na umpe kifungu kifupi ambacho hajakiona. Mrekodi akisoma kwa dakika moja, na wewe uwe na nakala ya kifungu hicho hicho mbele yako. Usimsahihishe. Akimaliza, mwulize maswali mawili au matatu ya maana, na majibu yake uyarekodi pia. Jioni, ukiwa umetulia, sikiliza tena ukiwa na penseli: piga mstari chini ya neno alilolikosea, andika juu yake alilolisema, weka alama pale alipojirekebisha mwenyewe. Darasani huwezi kusikia hayo yote. Mtoto anasoma, mwingine anaomba ruhusa kwenda msalani, wawili wanagombania raba. Rekodi inakupa sikio la pili.

Sasa tuseme kifungu kinaanza hivi: "Shangazi alishuka kwenye matatu pale Kondele." Mtoto anasoma: "Sangasi alisuka kwenye matatu pale Kondele." Wengi wetu tungeandika makosa mawili na kuendelea. Subiri. Dholuo, lugha ya nyumbani ya wengi huko Kisumu, haina sauti ya sh wala ya z, kwa hiyo huenda mtoto amelisoma neno sawasawa na ulimi wake ndio umelitamka kwa njia ya nyumbani. Mwulize: "Shangazi alifanya nini?" Akijibu kwamba aliteremka, huyo amesoma. Akikwambia alikuwa anasuka nywele ndani ya matatu, huyo amepotea, na kibaya zaidi hakushtuka kwamba sentensi haileti maana. Hao ni watoto wawili tofauti wenye kosa moja linalosikika vilevile, na dawa zao ni mbili. Ukiwapa wote zoezi la kurudia "sh, sh, sh", yule wa kwanza unampotezea muda, na yule wa pili hujamgusa.

Yule wa pili anahitaji kufundishwa kusimama na kujiuliza kila baada ya sentensi: nani, amefanya nini, inawezekana? Hilo utalifanya wewe kwa mdomo wako, ukisoma kwa sauti mbele ya darasa na kuwaza kwa sauti. Sijaona programu inayolifanya vizuri kuliko mwalimu anayewajua watoto wake.

Yule wa kwanza tatizo lake litajitokeza kwenye daftari. Anaandika "sule" kwa sababu anaandika anachokisikia kinywani mwake, na kalamu nyekundu haiwezi kumfundisha sikio. Hapa kurekodi kutakufaa tena. Tafuta jozi za maneno yanayotofautishwa na sauti hizo tu: suka na shuka, sindano na shindano, sana na zana. Yarekodi kwa sauti iliyo wazi, polepole, yakiwa yamechanganywa. Unaweza kumwomba yule mwanagenzi akusaidie, au mwanafunzi anayezungumza Kiswahili nyumbani. Kisha wasikilizishe darasa zima: wakisikia sindano wanyooshe mkono wa kushoto, wakisikia shindano wa kulia. Hakuna kuandika kwanza. Masikio yakishakubali, leta imla ya sentensi fupi zenye maneno hayo. Dakika kumi kila siku, kwa majuma kadhaa, zitakufikisha mbali kuliko kipindi kizima mara moja kwa mwezi. Vile vishikwambi vichache vinavyowaka ndio mahali pake hapa: weka rekodi ndani yake, wagawe wanafunzi katika vikundi vya watu watano au sita, na kikundi kimoja kisikilize huku wewe ukikaa na kingine wakisoma vitabuni. Kesho wanabadilishana.

Kuhusu wanaokokota silabi, usiogope kurudi nyuma. Kiswahili kina huruma kwa msomaji mchanga kwa sababu herufi na sauti zinafuatana, na mtoto aliyekamata silabi husoma hata neno asilolijua. Lakini maneno yetu ni marefu. "Walipowaambia" ni neno moja lenye mambo matano ndani yake. Ndiyo maana kiwango kilichowekwa hapa Kenya cha kusoma kwa ufasaha katika darasa la pili kilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Usiwapime watoto wako kwa kasi ya somo la Kiingereza. Na usiwatangazie idadi ya maneno mbele ya wenzao. Hiyo hesabu ni yako ya kupangia kazi, na mtoto anayejua anahesabiwa atakimbia na kuacha maana njiani.

Vifungu virefu vya ufahamu viache kwenye karatasi. Huko Norway mwaka 2013, Anne Mangen na wenzake waliwapa wanafunzi 72 wa darasa la kumi matini zile zile, wengine kwenye karatasi na wengine kwenye skrini ya tarakilishi, na waliosoma karatasini walielewa vizuri zaidi. Hao walikuwa vijana wakubwa wanaosoma bila shida, kwa hiyo matokeo yao siyahamishi mazima mazima hadi kwa watoto wa miaka tisa au kumi. Lakini yananitosha kukwambia usione haya kumwambia mkaguzi yeyote kwamba leo ufahamu tunasoma kitabuni.

Skrini itakusaidia mahali pengine ambapo shule zetu zina njaa kweli: vitabu vya hadithi vya ziada. Mkusanyiko wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha katika Kiswahili, Dholuo na lugha nyingine nyingi za Afrika, na zote ni bure. Unazipakua ukiwa mahali penye mtandao, kisha zinasomeka bila mtandao, na leseni yake inakuruhusu kuzichapisha na hata kuzibadilisha. Jaribu jambo moja na wale wanaosoma mbio bila kuelewa: mpe mmoja wao hadithi ya Dholuo, asome, akusimulie. Akisimulia vizuri, ujue akili ya kuelewa anayo na upungufu uko kwenye msamiati wa Kiswahili, basi kazi yako ni kufundisha maneno kabla ya kusoma. Akishindwa hata kwa Dholuo, rudi kwenye lile la kusimama na kujiuliza. Jibu hilo utalipata kwa hadithi moja ya kurasa chache.

Kuandika nako, usikubali kuharakishwa kwenda kwenye kibodi. Mtoto wa Gredi ya 4 bado anajenga mkono, na mkono unapochora herufi unasaidia kichwa kuikumbuka. Insha ya pamoja uliyoiona ukumbini unaweza kuifanya kwa ubao. Waambie watunge hadithi ya mambo wanayoyajua, tuseme asubuhi ya mama anayeuza omena Kibuye, au mashua zinaporudi Dunga. Wao wanasema, wewe unaandika ubaoni jinsi walivyosema, na makosa yao yakiwemo. Piga picha ubao. Kesho yake andika upya aya moja, muirekebishe pamoja, nao wainakili. Mwishoni mwa juma wana hadithi yao wenyewe, na wewe una picha zinazoonyesha ilivyokua kutoka rasimu hadi kamili. Huo ndio ushahidi wa TPAD ambao hakuna mtu atakuuliza umeutoa wapi.

Picha za ubao na madaftari zinatosha. Sauti na sura za watoto usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wala la walimu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Mweleze mwalimu mkuu unachokifanya, mwombe awajulishe wazazi na kupata ridhaa yao, na rekodi ukishazitumia zifute.

Akili unde sasa. Binti yule hana nia mbaya, lakini andalio la somo linaloandikwa na kitu kisichowahi kuketi darasani kwako litakuwa andalio zuri la darasa la mtu mwingine. Halijui kwamba watoto wako wanasoma "alisuka". Pale inapofaa ni hapa: ukishakusanya orodha yako ya maneno yanayowashinda, iambie itunge vifungu vitano vifupi vyenye maneno hayo. Utaokoa saa nzima. Kisha visome mwenyewe neno kwa neno, kwa kuwa huweza kutunga methali ambayo hakuna mzee aliyewahi kuisema, au kutumia msamiati ambao haumo katika vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala. Majina ya watoto usiyaandike humo kabisa.

Nije kwa mwanagenzi mwenyewe, maana naona hapo ndipo penye mafunzo yako halisi. Tangu miaka ya themanini, watafiti wa mafunzo ya walimu Bruce Joyce na Beverly Showers wamekuwa wakisema kwamba mwalimu akielezwa jambo na hata akionyeshwa, ni kidogo sana kitakachofika darasani, mpaka ajaribu na awepo mwenzake wa kumtazama na kumrudishia maoni, tena na tena. Warsha yenu ilikomea kwenye kuonyeshwa. Waliobaki kukufundisha wako ofisini kwenu. Na jambo hili si geni kwetu: mradi wa SMASSE ulioanza mwaka 1998, Kakamega na Kisii zikiwa miongoni mwa wilaya za kwanza, uliwazoesha walimu wa hisabati na sayansi kupanga, kufanya, kutazama na kuboresha. Sisi wa lugha tuliliacha jambo hilo kwao bila sababu.

Mwite binti huyo pembeni, si ofisini mbele za watu, mkapange mabadilishano. Yeye atakufundisha kupakua, kurekodi na kutuma faili. Wewe utamfundisha kumsikiliza mtoto akisoma, jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kumpa kwa kina ulichonacho wewe. Mara moja kwa juma aje akae nyuma ya darasa lako kwa kipindi kimoja akiwa na swali moja tu mlilokubaliana, kwa mfano: ni watoto wangapi tofauti walifungua mdomo kusoma leo? Siku nyingine wewe uende kwake. Mkikutana baadaye mzungumze kuhusu swali hilo peke yake. Ukimwendea kwa namna hii hutakuwa mzee anayeomba msaada. Mtakuwa walimu wawili, kila mmoja na deni kwa mwenzake. Na haya uliyonayo itakwisha yenyewe siku utakapomwona yeye anakwama mbele ya mtoto asiyejua kusoma na kukutazama wewe usoni.

Limebaki la mwalimu mkuu. Usisubiri aje kukagua. Mwendee mapema na karatasi moja: majina ya watoto watano, kila mmoja anakwama wapi, utafanya nini kwa majuma sita, na kifaa gani kitatumika wapi. Mwombe mambo mawili tu. La kwanza, vishikwambi vinavyowaka vitolewe kabatini na vichajiwe kila Jumatatu. La pili, siku atakayokuja kwa TPAD asikilize rekodi mbili za mtoto mmoja, ya juma la kwanza na ya juma la sita. Walimu wakuu wanasukumwa na ofisi za juu, na wengi wanataka teknolojia ionekane kwa sababu hawajapewa kitu kingine cha kuonyesha. Mpe hicho kitu kingine. Akikataa na kusisitiza projekta kila kipindi, niandikie tena tutafute njia, lakini sidhani atakataa mtoto anayesikika akisoma.

Ukishapata orodha yako ya maneno yanayowashinda watoto, nitumie nakala bila majina yao. Nina barua kutoka Siaya na Homa Bay zinazouliza jambo hili hili, na ningependa walimu wale waanze na maneno yako badala ya kuanza na ukurasa mtupu.